Mifumo Miwili, Paa Moja: Mwongozo wa Kumaliza Shule ya Upili kwa Familia za Noonkopir

Katika nyumba nyingi za Noonkopir mwaka huu wa 2026, meza moja inabeba vitabu vya mifumo miwili. Upande huu kaketi mtoto wa Kidato cha Tatu au cha Nne, anayeota pointi za KCSE, mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne. Upande wa pili yuko mdogo wake wa Gredi ya 10, anayezungumzia mikondo na umilisi. Mzazi ameshuka matatu saa mbili usiku kutoka Nairobi, au ametoka zamu kule EPZ ya Athi River, na kabla hajavua viatu anaulizwa na wote wawili: “Nahitaji nini ili nimalize vizuri?”

Jibu la mmoja halimfai mwenzake. Mwongozo huu unakupa yote mawili, pamoja na mambo ya kufanya wiki hii, muhula huu na mwaka huu. Lakini kabla hujafika kwenye hatua, shika jambo hili moja: gredi ya jumla humfikisha mtoto langoni tu, na kinachofungua lango ni masomo aliyochagua. Na masomo huchaguliwa mapema, miaka miwili au mitatu kabla ya mtihani. Ndiyo maana familia nyingi hugundua kosa Januari, matokeo yakiwa mkononi na wakati wa kurekebisha umepita.

KISANDUKU CHA 1: NANI YUKO WAPI

• 2026: Shule za upili zina Kidato cha Tatu, Kidato cha Nne na Gredi ya 10.
• 2027: Kidato cha Nne cha mwisho cha mfumo wa 8-4-4 kinafanya KCSE. Hawa ndio waliofanya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023.
• 2028: Gredi ya 12 ya kwanza inamaliza sekondari pevu, yaani miaka mitatu ya mwisho ya mfumo mpya wa 2-6-3-3-3.

ELEWA KWANZA: “KUMALIZA” NI KARATASI MBILI

Watu husema “amemaliza shule” kana kwamba ni jambo moja. Kwa mtoto wa KCSE, kuna karatasi mbili zisizofanana.

Ya kwanza ni cheti cha kuondoka shuleni. Hutolewa na mwalimu mkuu. Husema mtoto alisoma hapo tangu lini hadi lini, na mwenendo wake ulikuwaje. Karibu kila aliyekaa hadi mwisho hukipata.

Ya pili ni cheti cha KCSE, kinachotolewa na Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC. Hiki ndicho vyuo na waajiri huuliza. KCSE haina mstari mmoja wa kufaulu au kuanguka. Ina ngazi kumi na mbili, kuanzia A hadi E, na kila ngazi ina milango yake. Kwa hiyo achana na swali la “atapita?” Uliza: “Anataka kuingia mlango gani, na mlango huo unadai nini?”

SEHEMU YA KWANZA: MTOTO WA KCSE

Hatua ya 1. Hakikisha masomo yake yanatimiza sharti

Mtahiniwa wa KCSE husajiliwa kwa masomo yasiyopungua saba. Shule nyingi hufundisha manane. Mpangilio ni huu:

1. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni lazima kwa wote. Mwanafunzi kiziwi anaweza kufanya Lugha ya Ishara ya Kenya.
2. Sayansi mbili au zaidi kati ya Biolojia, Fizikia na Kemia.
3. Somo moja au zaidi kati ya Historia na Serikali, Jiografia, na elimu ya dini (CRE, IRE au HRE).
4. Nafasi inayobaki hujazwa na somo la kiufundi au la hiari, kwa mfano Kilimo, Sayansi ya Nyumbani, Kompyuta, Useremala, Biashara, Kifaransa au Muziki, kulingana na kile shule inachofundisha.

Chukua ripoti ya muhula uliopita, hesabu kwa kidole. Kama mtoto “aliacha” somo fulani mwisho wa Kidato cha Pili, andika jina la somo hilo kando. Utalihitaji hatua ya 3.

Hatua ya 2. Jifunze kupiga hesabu ya gredi ya jumla

Kwa nini ujue wewe mwenyewe badala ya kumwachia mwalimu? Kwa sababu ukijua hesabu, utajua somo lipi likisukumwa kidogo litaleta faida kubwa.

Tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla hutokana na masomo saba: Hisabati, lugha moja (ile aliyofanya vyema zaidi kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara), na masomo matano mengine yaliyo bora zaidi. Kila gredi ina pointi zake: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, na kuendelea hadi E ambayo ni 1. Pointi zote zikijumlishwa, upeo wake ni 84.

KISANDUKU CHA 2: POINTI NA GREDI YA JUMLA

A: 81–84
A-: 74–80
B+: 67–73
B: 60–66
B-: 53–59
C+: 46–52
C: 39–45
C-: 32–38
D+: 25–31
D: 18–24
D-: 11–17
E: 7–10

Tazama sasa slipu ya mfano. Binti amefanya masomo manane na kupata: Kiingereza B- (8), Kiswahili B (9), Hisabati C (6), Biolojia C+ (7), Kemia C (6), Historia B+ (10), CRE A- (11), Biashara B (9).

Chukua Hisabati, 6. Chukua lugha bora, Kiswahili, 9. Kisha matano yaliyo juu katika yanayobaki: CRE 11, Historia 10, Biashara 9, Kiingereza 8, Biolojia 7. Jumla ni 60. Hiyo ni B. Kemia imeachwa nje ya hesabu.

Kuna mafunzo mawili hapo. Kwanza, Hisabati haikwepeki: hata ikiwa ndiyo dhaifu kuliko zote, imo. Mtoto anayepanda kutoka D+ (4) hadi C (6) katika Hisabati ameongeza pointi mbili ambazo hakuna kanuni itakayozitupa. Pili, somo analolipenda na kulimudu lina uzito sawa na Kemia katika gredi ya jumla. CRE yenye A- si somo la kujazia nafasi.

Hatua ya 3. Anza na kazi, rudi nyuma hadi kwenye somo

Binti wetu ana B. Majirani wamekuja kumpongeza. Anasema anataka shahada ya uuguzi. Hapo ndipo sherehe hunyamaza, maana shahada hiyo hutazama Biolojia na Kemia, na kwa kawaida hutaka C+ katika kila moja. Kemia yake, ile iliyoachwa nje ya hesabu ya jumla, ni C. Pointi 60 hazimsaidii kitu hapo.

Lakini usimwache avunjike moyo. Stashahada ya uuguzi katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, huanzia gredi ya jumla ya C, na C katika Biolojia na katika lugha mojawapo, pamoja na C- katika Kemia, Fizikia au Hisabati. Huko anaingia bila shida. Na akipenda ualimu wa shule ya upili, shahada ya elimu hutaka C+ ya jumla na C+ katika masomo mawili ya kufundishia. Kwa Kiswahili na CRE, au Historia na CRE, lango liko wazi kabisa. Slipu ni ileile, milango ni tofauti.

Fanya hivi pamoja na mtoto, akiwa bado Kidato cha Tatu au mwanzoni mwa cha Nne:

1. Mwambie aandike kazi tatu anazozitamani, zikiwemo za kiufundi.
2. Tazameni masharti ya kila kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalopanga wanafunzi vyuoni. Andika gredi ya jumla na gredi ya kila somo linalotajwa. Kwa shahada, tazama pia yale masomo manne yanayohesabiwa kwa kozi hiyo. Wawili wenye gredi moja ya jumla hutenganishwa na manne haya.
3. Mbele ya kila somo, andika gredi yake ya muhula uliopita.
4. Weka alama panapopungua. Hayo ndiyo malengo yake ya muhula, na hakuna haja ya kutunga mengine.
5. Kama kozi inadai somo aliloliacha, zungumza na mwalimu wa taaluma sasa. Asubuhi ya kusajili watahiniwa ni kuchelewa.

KISANDUKU CHA 3: LANGO NA KIINGILIO CHAKE

• Shahada: gredi ya jumla C+ (pointi 46) au zaidi, pamoja na masharti ya masomo.
• Sheria, shahada: pamoja na C+ ya jumla, B katika Kiingereza au Kiswahili.
• Stashahada katika vyuo vya kiufundi: C-.
• Cheti cha ufundi: D.
• Ufundi stadi wa ngazi ya kwanza: D- na E pia hupokelewa.

Soma kisanduku hiki mara mbili kabla ya kutamka neno “ameanguka” mbele ya mtoto. Katika KCSE ya 2024, waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391, takriban robo ya waliofanya mtihani. Robo tatu waliobaki hawakutupwa jalalani. Wengi wao njia yao inapita vyuo vya kiufundi, kama Chuo cha Kiufundi cha Masai mjini Kajiado, mwendo wa matatu kwa barabara ya Namanga. Anayeanzia ufundi stadi anaweza kupanda hadi cheti, kisha stashahada, hata shahada. Njia ni ndefu, ila haijafungwa.

Hatua ya 4. Kagua majina kabla orodha haijafungwa

Hili ni dogo kwa macho na kubwa kwa madhara. Jina litakaloandikwa KNEC ndilo litakalochapishwa kwenye cheti, na maisha yake yote litalinganishwa na kitambulisho. Kajiado ina mitego yake. Mtoto ana jina la nyumbani la Kimaasai, jina la ubatizo na jina la baba. Cheti cha kuzaliwa kina mawili, shule ina matatu. Neno “ole” limeandikwa huku na kuachwa kule. Herufi moja imegeuka kwa sababu karani aliandika alivyosikia.

1. Toa cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo au kimekosewa, anza kukitafuta kupitia eCitizen au Huduma Centre ya Kajiado mapema, kwa maana huchukua muda.
2. Shule ikimwita mtoto kutia sahihi orodha ya watahiniwa, aisome herufi kwa herufi: majina, mpangilio wake, jinsia, namba ya cheti cha kuzaliwa, na masomo yote.
3. Apige nakala ya kile alichokitia sahihi, au akiandike daftarini.

Onyo: mtoto asitie sahihi kwa haraka eti “foleni ni ndefu”. Kurekebisha cheti kilichokwisha chapishwa ni safari ya barua, viapo na ada.

Hatua ya 5. Linda miradi na mitihani ya vitendo

KCSE haianzi Novemba. Masomo kama Kilimo, Kompyuta na Sanaa yana miradi inayofanywa na kupewa alama miezi mingi kabla. Majaribio ya mdomo na ya vitendo hutangulia karatasi za kuandika. Anayekosa sehemu ya somo anaweza kuandikiwa X badala ya gredi. Anayepatikana na udanganyifu huandikiwa Y.

Mwombe mtoto akuandikie kwenye karatasi moja: somo, mradi, tarehe ya mwisho. Ibandike mlangoni. Na yeyote anayekuuzia “karatasi iliyovuja” kwenye Telegram anakuuzia utapeli, au anakuuzia Y.

SEHEMU YA PILI: MTOTO WA GREDI YA 9 HADI YA 12

Kwa nini huku mambo ni tofauti

Mfumo mpya haumpimi mtoto kwa mtihani mmoja wa mwisho peke yake. Alama hukusanywa njiani. Ili kupangiwa sekondari pevu, tathmini ya Gredi ya 9, KJSEA, huchangia asilimia 60. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia 20. Na KPSEA ya Gredi ya 6 huchangia 20 zilizobaki. Maana yake, mtoto akifika Gredi ya 9, asilimia 40 ya safari imekwisha kuandikwa. Mzazi anayesema “tutakaza kamba mwaka wa mtihani” amechelewa.

KJSEA ya kwanza ilifanywa mwaka 2025. Haikuwekwa ili kumfukuza mtu shuleni. Kazi yake ni kuonyesha mtoto anaelekea wapi. Masomo ni tisa, na kila moja lina ngazi nane zenye pointi 8 hadi 1, jumla 72. Ngazi hizo zimo katika makundi manne: kuzidi matarajio (EE), kufikia matarajio (ME), kukaribia matarajio (AE) na kuwa chini ya matarajio (BE). Kila kundi lina ngazi mbili. Ukiona ME1 kwenye ripoti, usiisome kama “namba moja darasani”. Maana yake ni kwamba amefikia matarajio, kwa ngazi ya juu ya kundi hilo.

KISANDUKU CHA 4: MIKONDO MITATU

• STEM: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Humo mna sayansi tupu, sayansi tekelezi na masomo ya kiufundi.
• Sayansi za Jamii: lugha na fasihi, historia, jiografia, dini, biashara.
• Sanaa na Sayansi ya Michezo: muziki, uigizaji, sanaa za kuchora na kuunda, michezo.

Serikali ilipanga STEM ichukue karibu asilimia 60 ya wanafunzi, Sayansi za Jamii 25, na Sanaa na Michezo 15.

Masharti ya Gredi ya 10 hadi ya 12

Kila mwanafunzi ana masomo saba. Manne ni ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Matatu huyachagua kulingana na mkondo wake. Elimu ya viungo na stadi za kompyuta zimo pia kwenye ratiba.

Hisabati ilirejeshwa kuwa lazima mwaka 2025, baada ya wazazi na wadau kulalamika kwamba ingekuwa ya hiari kwa mikondo miwili. Ila iko ya aina mbili: ya kina kwa walio STEM, na nyepesi zaidi kwa wengine. Tahadhari iko hapo. Mtoto anayechagua Sayansi za Jamii kwa kuikimbia Hisabati, huku moyoni anataka uhandisi, anajifungia mlango kwa mkono wake.

Jinsi ya kuchagua, hatua kwa hatua

1. Soma ripoti za Gredi ya 7, 8 na 9 kwa pamoja. Tafuta somo ambalo limepanda au limebaki juu mfululizo. Alama moja nzuri si dalili.
2. Mwulize mtoto: ni kazi gani unaifanya bila kusukumwa? Anayekarabati redio za jirani na anayeandika mashairi pembeni mwa daftari wamekwisha jibu.
3. Chagua mkondo kwanza, mseto wa masomo matatu baadaye, shule mwisho. Wengi huanza na jina la shule, na hapo ndipo hukosea.
4. Hakikisha shule inafundisha mseto huo. Baadhi ya shule zina mikondo yote mitatu, nyingine miwili. Jina kubwa lisilo na maabara ya somo lako halikufai.
5. Tafuta shule za kutwa zilizo karibu kwa uzito uleule wa za bweni. Mwanafunzi huchagua shule kumi na mbili, zikiwemo za kutwa za kaunti ndogo yake. Noonkopir iko Kajiado Mashariki. Athi River, ingawa ni mwendo mfupi, iko Kaunti ya Machakos. Ukitaja shule ya ng’ambo ya mpaka kama ya nyumbani, umepoteza nafasi moja.
6. Akishapangiwa mahali pasipomfaa, uliza mara moja kuhusu ombi la kuhamishwa. Madirisha hayo hufunguliwa kwa siku chache.

SEHEMU YA TATU: MALENGO YA KUJIFUNZA YANAYOSHIKIKA

Mtaala mpya unataja umilisi saba: mawasiliano na ushirikiano, uwazaji kina na utatuzi wa matatizo, ubunifu, uraia, umilisi wa kidijitali, kujifunza namna ya kujifunza, na kujiamini. Kwenye karatasi ni maneno ya maofisa. Nyumbani yanaweza kuonekana kwa macho.

Chukua Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 anaona watoto wadogo wakivuka barabara ya Namanga asubuhi, kati ya malori ya saruji. Anahesabu kwa siku tano ni wangapi wanavuka wapi na saa ngapi. Anachora ramani, anawauliza wazee wa mtaa na madereva wa bodaboda, anaandika pendekezo la ukurasa mmoja, na analiwasilisha kwenye mkutano wa wazazi. Hapo pana Hisabati, Kiswahili, uraia na kujiamini kwa pamoja. Mradi wa namna hii ni bora kuliko ule unaochapishwa kwa haraka saibakafe usiku wa kuamkia siku ya kuuwasilisha, umefanywa na mama.

Lengo zuri, la mfumo wowote, lina mambo manne: somo, alipo sasa, anapotaka kufika, na tarehe. Linganisha:

• Baya: “Nitajitahidi Hisabati.”
• Zuri: “Hisabati nina D+. Kufikia mwisho wa muhula wa pili niwe na C. Kila Jumanne na Alhamisi nitafanya maswali kumi ya aljebra, na Ijumaa nimpelekee mwalimu yaliyonishinda.”

Kila Jumapili jioni, dakika kumi na tano zinatosha:

1. Mtoto afungue daftari na akuonyeshe kitu kimoja alichokielewa wiki hii. Akueleze kama anamfundisha mgeni. Hata kama hukusoma, utajua anapobabaika.
2. Akuonyeshe kitu kimoja kilichomshinda, na amtaje atakayemuuliza.
3. Andikeni lengo la wiki inayofuata. Moja tu.

SEHEMU YA NNE: MATOKEO YAKISHATOKA

KCSE hutangazwa mwanzoni mwa Januari. Siku hiyo fanya haya kwa mpangilio:

1. Tazama matokeo mwenyewe pamoja na mtoto. Usimtume kijana wa saibakafe.
2. Piga hesabu kwa Kisanduku cha 2. Gredi ikitofautiana na hesabu yako, au somo likiwa na X au Y usiyoitarajia, nenda shuleni mapema; shule ndiyo inayowasiliana na KNEC.
3. Rudi kwenye orodha ya kazi tatu za hatua ya 3. Linganisha kila somo.
4. KUCCPS ikifungua maombi, mtoto ajaze mwenyewe. Weka kozi anayoitamani, kozi anayoimudu, na kozi anayoipata bila shaka. Tazama pointi za mwisho walizoingia nazo wenzake wa mwaka uliotangulia.
5. Vyuo vya kiufundi hupokea wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka. Usimwache nyumbani mwaka mzima kwa kukosa nafasi ya kwanza.
6. Chukua cheti. Sheria ya KNEC ya 2012 haimruhusu mtu wala taasisi kuzuia cheti cha mtahiniwa, hata kwa deni la karo. Deni linabaki deni, na ni heshima kulilipa kwa mpango wa maandishi; lakini cheti ni cha mtoto.

MAKOSA YA KAWAIDA

• Kuchagua sayansi tatu kwa sababu ya jirani. Sharti ni mbili. Ya tatu iongezwe tu kama kazi anayoitaka inaidai.
• Kudharau Kiswahili. Ni lazima katika mifumo yote miwili, na inaweza kuwa ndiyo lugha inayohesabiwa.
• Kutegemea kurudia. Masomo ya Kidato cha Nne yanaisha 2027. Kwa watahiniwa wa mwaka huo, mpango wa “nitarudia mwaka ujao” hauna darasa la kurudia ndani yake.
• Kumlinganisha kaka wa KCSE na dada wa Gredi ya 10. Mmoja hubeba herufi, mwenzake hubeba ME na EE. Ni mizani mbili.
• Kulaminisha cheti halisi. Ofisi nyingi hukikataa. Nunua faili ya plastiki na upige nakala tano.

ORODHA YA KUKAGUA: IKATE, IBANDIKE UKUTANI

Kwa mtoto wa Kidato cha Tatu na cha Nne:
☐ Masomo saba au zaidi, yametimiza makundi yote
☐ Kazi tatu na masharti ya masomo ya kila moja yameandikwa
☐ Pointi za muhula zimejumlishwa
☐ Majina yanafanana na cheti cha kuzaliwa
☐ Tarehe za miradi ziko mlangoni

Kwa mtoto wa Gredi ya 9 na ya 10:
☐ Ripoti za Gredi ya 7, 8 na 9 ziko katika faili moja
☐ Mkondo umechaguliwa kwa sababu inayoweza kuelezwa kwa sentensi moja
☐ Shule inafundisha mseto huo
☐ Aina ya Hisabati inalingana na kazi anayoitaka
☐ Mradi wa huduma kwa jamii una tarehe na tatizo halisi la mtaani

Kwa mzazi:
☐ Vyeti vya kuzaliwa vya wote vipo na havina makosa
☐ Fomu za basari za kaunti na NG-CDF zimejazwa kwa wakati
☐ Dakika kumi na tano za Jumapili hazijaruka wiki hii

Kesho usiku, ukishashuka matatu na kuvua viatu, anza na kitu kimoja. Waambie watoto wote wawili walete ripoti zao za muhula uliopita mezani, na kalamu. Kwa mkubwa, jumlisheni pointi za masomo saba. Kwa mdogo, tafuteni somo ambalo halijashuka tangu Gredi ya 7. Andikeni majibu hayo mawili juu ya karatasi moja. Mkishapata hayo, hatua nyingine zote za mwongozo huu zina pa kushikia.